Kengele ya Saa Nne

Video ya kwanza niliyoitengenezea shule yetu ilikuwa na urefu wa dakika 14, na walioitazama hadi mwisho walikuwa wachache mno. Nililijua hilo mapema. Kwenye dakika ya 11 mwalimu mkuu alitaja siku ambayo wazazi wa darasa la nne wangekuja kuchukua vitabu vya watoto wao, na siku yenyewe ilipofika walitokea wazazi wanne tu. Kesho yake simu yangu haikupumzika. "Mwalimu, mbona sisi hatukuambiwa?" Waliambiwa, tena na mwalimu mkuu mwenyewe, amevaa suti yake nzuri, amesimama chini ya mti mkubwa wa uwanjani. Lakini tulikuwa tunawatangazia watu ambao kiu yao ilikuwa kuzungumza, na hilo lilinichukua majuma kadhaa kulielewa.

Ilikuwa 2020. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa korona sasa ni janga la dunia nzima, na kufumba na kufumbua shule zikafungwa katika nchi zaidi ya 190. UNESCO ilihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 waliotolewa madarasani. Hesabu kubwa namna hiyo haishikiki kichwani. Mimi nilichokiona ni madawati ya darasa langu yamegeuzwa juu chini, na ubaoni tarehe ya siku ya mwisho bado imeandikwa kwa chaki, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuifuta.

Kazi ya video nilipewa kwa sababu simu yangu ilikuwa na kamera nzuri kuliko za wenzangu. Sikuwa na ujuzi mwingine wowote. Nilirekodi kwa ubora wa juu kabisa ambao simu iliniruhusu, nikapata faili la karibu gigabaiti mbili, kisha nikagundua kwamba programu ya ujumbe tuliyotumia na wazazi haikupokea video inayozidi megabaiti 16. Nikaipakia mtandaoni na kuwatumia kiungo. Mzazi mwenye bando la kupima kwa kijiko alikibonyeza, akaona alama ya kusubiri inazunguka, inazunguka, akaweka simu chini akaendelea na shughuli zake. Simlaumu hata kidogo.

Kwa hiyo nilikaa chini nikajifunza hesabu yake, na namshauri kila mwalimu anayeianza kazi hii aanzie hapa kabla ya kuwaza mapambo. Ukubwa wa video ni kiasi cha data kwa sekunde mara idadi ya sekunde. Ukibana video yako mpaka kilobiti 700 kwa sekunde, sauti ikiwemo, dakika tatu zitakupa karibu megabaiti 16, kwa kuwa biti nane ndizo baiti moja. Kwenye kioo kidogo cha simu, picha yenye kimo cha pikseli 360 inatosha kabisa kumtambua mtoto na kuliona tabasamu lake. Halafu kuna jambo lililonifurahisha sana nilipolielewa: programu inayobana video huhifadhi zaidi kile kinachobadilika kutoka picha moja hadi nyingine, na kilichotulia hukipitia kwa gharama ndogo. Ule mti wa mwalimu mkuu, wenye majani elfu yanayotikiswa na upepo, ulikuwa unakula data ambayo ilipaswa kwenda usoni mwake. Ndiyo maana alionekana kama amechorwa kwa matope. Tulipomhamishia mbele ya ukuta mtupu, kimo kilekile, ukubwa uleule wa faili, uso ukang'aa.

Sauti nayo ina utemi wake. Watu huvumilia picha yenye ukungu, hawavumilii maneno yasiyosikika. Nilianza kutumia simu mbili: moja ya picha, nyingine naiweka kwenye mfuko wa shati la anayezungumza inarekodi sauti peke yake. Kabla hajaanza, anapiga kofi moja mbele ya kamera. Baadaye, wakati wa kuhariri, unalinganisha mkono unaokutana na mlio wa kofi, picha na sauti vinashikana.

Lakini ufundi wote huo ungenipa tu matangazo yanayosikika vizuri. Kilichobadilisha mambo kilitokea nilipokwenda shuleni asubuhi moja kuchukua madaftari niliyoyaacha kabatini. Ukimya wa shule tupu una uzito wake; hata viatu vyako mwenyewe unavisikia. Ghafla kengele ikalia. Nilishtuka mpaka daftari likanidondoka. Nikatoka nje nikamkuta mlinzi wetu, mzee aliyekuwepo pale kabla yangu na kabla ya mwalimu mkuu, amesimama karibu na kile kipande cha chuma kinachoning'inia, nondo mkononi. Ilikuwa saa nne kamili, saa ya mapumziko.

"Mzee, unampigia nani?"

"Naipiga kila siku, Mwalimu. Nikiiacha, watakaporudi mkono utakuwa umesahau."

Nilimwomba aipige tena. Akavua kofia kwanza, akaifuta kwa kiganja, akaivaa, halafu akapiga kama anavyopiga siku zote: mapigo matatu ya polepole, kisha yale ya haraka haraka yanayofuatana mpaka yanakuwa mlio mmoja. Nikarekodi sekunde 38. Sikuongeza neno, sikuweka jina la shule, sikuweka muziki. Niliituma kwa wazazi wa darasa langu jioni ile.

Kufikia usiku nilikuwa nimepokea majibu mengi kuliko niliyopata kwa mwezi mzima. Mtoto mmoja alijirekodi akipiga sufuria kwa mapigo yaleyale, matatu kisha haraka. Mwingine alitaka tu kujua kama mzee hajambo. Mama mmoja aliniandikia: "Mwalimu, aliposikia ile kengele alikimbia mpaka uani, akasimama pale kama anatafuta wenzake, halafu akarudi ndani taratibu. Nimelia." Nilisoma ujumbe ule mara nyingi. Nilikuwa nimetumia wiki tatu kupanga nini cha kuwaambia watoto, na hapo ndipo nilipoona kwamba walichokosa kilikuwa shule yenyewe: mlio wake, korido zake, watu ambao hawamo kwenye ratiba ya masomo lakini wamo kwenye kila siku ya mtoto.

Baada ya hapo nilikutana na utafiti uliochapishwa 2014 na Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin. Walichambua vipindi milioni 6.9 vya utazamaji wa video za masomo kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakakuta kwamba hata video iwe ndefu kiasi gani, muda wa kati ambao mtu huitazama hauzidi dakika 6. Vilevile walikuta mwalimu aliyekaa mezani kwake, kwa namna ya kawaida, huweza kuwashika watazamaji kuliko yule aliyerekodiwa studio kwa gharama kubwa. Watazamaji wale hawakuwa watoto wa shule ya msingi, kwa hiyo sikuuchukua kama sheria. Ila ulinipa ujasiri wa kwenda kwa mwalimu mkuu na kumwambia, kwa heshima zote, kwamba suti na hotuba tuviweke kando.

Alikubali, na namshukuru kwa hilo. Video zetu zikawa za dakika tatu, kila Ijumaa, na kila moja ikaisha na swali ambalo mtoto angeweza kulijibu kwa sekunde 20. Nionyeshe dirisha unalokaa karibu nalo ukisoma. Hesabu hatua kutoka kitandani kwako hadi mlangoni, sema kwa mita ni ngapi. Nani nyumbani kwenu ana mwandiko mzuri kuliko wako? Majibu ya wiki hii yanakuwa mwanzo wa video ya wiki ijayo. Tulipofika wiki ya nne, wazazi walikuwa wananiuliza Alhamisi kama kazi inaendelea vizuri.

Hapo ndipo nilipokaribia kufanya kosa kubwa. Nilikuwa nafurahia majibu yanayokuja, bila kuwaangalia wasiojibu. Siku moja nilichukua daftari la mahudhurio, lile lile la darasani, nikaanza kuitazama upya kila video na kuweka alama kwenye jina la kila mtoto aliyewahi kuonekana au kusikika. Nilipomaliza, majina 13 hayakuwa na alama yoyote. Watoto 13 wa darasa moja. Nilikuwa nimetengeneza mikusanyiko minne ya furaha ambayo, kwa hao, ilikuwa ushahidi kila Ijumaa kwamba wenzao wako pamoja na wao hawamo. Sijui kama kuna video mbaya kuliko hiyo.

Nikaanza kupiga simu. Nyumba nyingine simu ilikuwa moja na baba alikuwa akiondoka nayo alfajiri. Kwingine ilikuwa simu ya kawaida isiyo na kamera. Mmoja alikuwa amehamia kwa bibi yake na namba tuliyokuwa nayo haikutumika tena. Kumpata tulipitia kwa rafiki yake, aliyejua alikokwenda wakati ofisi ya shule haikujua. Na wawili walikuwa na kila kitu, ila walikuwa wanaona haya. Kwa wasio na kamera niliwaomba waseme jibu lao kwenye simu, nikarekodi sauti ile ya kukwaruza, na chini ya sauti nikaweka picha ya dawati la mtoto mwenyewe, nililokwenda kulipiga picha darasani. Mtoto anayesikika huku dawati lake linaonekana, yumo. Wenzake walilijua kila dawati bila kuambiwa.

Tangu siku hiyo hakuna video inayotoka bila daftari kuwa mezani. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo sitamwachia mtu mwingine.

Sasa niseme lile linaloniuma. Wiki ya sita nilituma video yenye jibu la mtoto mmoja, amesimama dirishani, anaonyesha anachokiona nje. Nusu saa baadaye mama yake alinipigia. Hakunifokea. Alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, naomba uiondoe ile. Kuna mtu hatakiwi kujua tulipo." Niliifuta palepale. Lakini video ikishaingia kwenye simu za watu haifutiki. Tayari ilikuwa imesambazwa kwa shangazi na wajomba, kwa nia njema kabisa. Nilikaa na simu mkononi nimeduwaa. Mtoto alikuwa ameituma mwenyewe kupitia simu ya dada yake, nami sikuuliza chochote. Kwa bahati hakuna baya lililotokea, lakini bahati haipaswi kuwa ulinzi wa mtoto.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unataja faragha ya mtoto kwenye Kifungu cha 16, na kwenye Kifungu cha 12 unasema mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Nilikuwa nimevifundisha vifungu hivyo. Kuvifundisha na kuvitenda ni mambo mawili. Tuliandaa fomu fupi yenye machaguo matatu: uso na sauti, sauti au mikono tu, asionekane kabisa. Mzazi anasaini na anaweza kubadilisha mawazo wakati wowote bila kutoa sababu, kwa sababu sababu nyingine hazisemeki kwa mwalimu. Na mtoto naye anaulizwa kila mara, hata kama mzazi alishakubali mwanzo wa mwaka. Hatuweki jina pamoja na uso. Hatuonyeshi kinachoonekana dirishani. Lile swali la dirisha sikulirudia tena. Jambo nililolipata humo ni kwamba mikono inasema mengi. Video niipendayo kuliko zote haina uso hata mmoja: ni mikono ya watoto 30 ikifunga kamba za viatu, mmoja baada ya mwingine, na kila mzazi aliutambua mkono wa mwanawe.

Kuhusu mikutano ya moja kwa moja sina mengi. Tulijaribu mkutano wa wazazi wote kwa video, saa moja na nusu, kila mtu akitoka na kichwa kinachogonga. Mapema 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza vyanzo vya uchovu huo: macho mengi yanayokutazama kwa karibu mno, kujiona mwenyewe muda wote, kukaa bila kusogea, na akili kufanya kazi ya ziada kusoma ishara za watu. Tukawaonyesha wazazi namna ya kuficha picha yao wenyewe, tukaruhusu kamera kuzimwa, tukaufupisha mkutano hadi nusu saa. Ulipungua uchungu, haukuwa mtamu. Kilichofaa kweli kwa njia hiyo ni watoto sita na mwalimu wao, dakika 20, wakisomeana hadithi. Zaidi ya sita wanaanza kupotea.

Kulikuwa na baba mmoja ambaye ni kiziwi. Kwa miaka miwili nilikuwa nikimwona kwenye vikao amekaa mstari wa mbele na mwanawe pembeni yake akimtafsiria kwa ishara. Video zetu alikuwa akizitazama namna hiyo hiyo, anamsubiri mtoto. Mtoto ndiye aliyeniambia: "Mwalimu, baba anacheka kila mtu akishamaliza kucheka." Sentensi ile ilinifanya nijifunze kuweka manukuu, yaani maandishi ya yale yanayosemwa, wiki hiyo hiyo. Mashine ya kunukuu niliyoijaribu ilivuruga majina ya watoto na kukata maneno ya Kiswahili pasipo maana, nikaamua kuandika kwa mkono. Video ya dakika tatu ilinichukua karibu saa nzima: mistari miwili kwa mara moja, maandishi meupe juu ya ukanda mweusi, anayezungumza atajwe kama hayumo kwenye picha. Na kengele nikaiandika pia: kengele inalia, mapigo matatu, kisha haraka.

Wiki iliyofuata alinitumia video yake mwenyewe. Amekaa, shati limepigwa pasi, anawafundisha watoto kwa ishara namna ya kusema "nimewakumbuka", anarudia mara tatu polepole ili waige. Nikaiweka mwanzoni, bila sauti yoyote, na safari hii waliohitaji manukuu walikuwa ni sisi wengine. Majibu yaliyokuja hayakuwa na neno hata moja. Mikono tu. Wazazi wengine nao wakanishukuru kwa manukuu, kwa sababu walikuwa wakitazama kwenye gari au kazini, sauti imezimwa.

Shule ilipofunguliwa wengi walidhani video zimekwisha kazi, na hata mimi niliweka daftari lile kabatini. Halafu msichana mmoja wa darasa langu akalazwa hospitali kwa muda mrefu. Ijumaa ya kwanza tulimrekodia dakika moja: darasa zima limejipanga, "Tunakupenda, pona haraka." Hakujibu. Ijumaa ya pili vivyo hivyo, tukaongeza wimbo. Kimya. Nikampigia mama yake nikihofia hali imekuwa mbaya. Akasita kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, usichukie. Anasema kila mtu anamzungumzia kama mgonjwa. Anataka kuwaona mnasoma."

Ijumaa ya tatu niliiegemeza simu kwenye dirisha la darasa, pale lilipo dawati lake, kimo cha macho yake akiwa ameketi, nikafundisha kama kawaida. Ilikuwa kujumlisha sehemu. Hakuna aliyegeuka kumpungia. Niliandika ubaoni 1/3 + 1/4, darasa likagawanyika, kelele zikapanda, na kundi lililoshinda kwa sauti lilikuwa la wale wanaosema 2/7. Nilizima kamera kabla sijawasahihisha, nikatuma kama ilivyo.

Jibu lilifika kabla ya saa kumi. Sekunde 22. Hakuonyesha uso, na kwenye fomu alikuwa amechagua mikono tu. Mkono mmoja una plasta ya sindano, mwingine umeshika penseli, karatasi imewekwa juu ya shuka jeupe. Akaandika 4/12, akaandika 3/12, akachora mstari chini yake kwa kutumia ukingo wa kadi ya hospitali, akaandika 7/12. Kisha akaipigia mstari mara mbili, kwa nguvu, na sauti yake ikasikika kwa mara ya kwanza baada ya mwezi na nusu:

"Waambie warudie."